Faini uliyolipa miaka 12 iliyopita isikufungie mlango wa kazi leo

 

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya ufuta. Naandika kuhusu jambo ambalo nimekutana nalo kazini zaidi ya mara moja na ambalo safari hii lilinikuta mimi mwenyewe upande wa makosa. Ni habari ya mtu aliyewahi kupelekwa mahakamani zamani kwa kosa dogo, akamaliza adhabu yake, akaishi vizuri miaka mingi, lakini kila akitafuta kazi nzuri anarudishwa kule kule.

Nianze na kisa chenyewe, kisha niseme maoni yangu, na mwisho nitoe ushauri wa nini cha kufanya.

Kijana niliyemkata

Msimu wa ufuta uliopita AMCOS yetu ilikuwa inatafuta karani wa mizani. Mnajua nafasi ile ilivyo nyeti. Karani akichezea mizani, mkulima anapoteza kilo, na chama kinapoteza jina mbele ya wanunuzi wa mnada. Bodi ikaniuliza maoni kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha vijana wa kata namna ya kupekua ufuta, kuondoa mchanga na kupima unyevu. Waombaji walikuwa wanne. Mmoja alikuwa na miaka 34, anajua kusoma na kuandika vizuri, hesabu zake safi, na katika mafunzo yangu hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Mzee mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, huyu unamwonaje?"

Nikajibu, "Anafaa, ila nasikia aliwahi kufungwa kwa wizi. Tusijitafutie matatizo."

Maneno hayo tu. Hakuna aliyeuliza aliiba nini, lini, wapi. Jina lake likakatwa. Akachukuliwa mwingine, na kikao kikaendelea na ajenda ya magunia.

Siku tatu baadaye akanifuata ofisini. Hakuja kwa shari. Alikaa kwenye benchi akasubiri nimalize kuwahudumia akina mama wawili waliokuja na majani ya muhogo yenye batobato. Zamu yake ilipofika akasema, "Bwana shamba, nasikia wewe ndiye uliyenikata. Sijaja kugombana. Nataka tu uniambie niliiba kitu cha nani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesikia kwa watu, nao walikuwa wamesikia kwa watu.

Akanieleza. Miaka 12 iliyopita, akiwa na miaka 22, alikamatwa na magunia matatu ya mkaa kwenye pikipiki, hana kibali. Alifikishwa mahakamani. Pale nje mtu mmoja akamshauri, "Kiri tu umalize, utalipa faini urudi nyumbani." Akakiri. Faini ikatajwa, mfukoni hana kitu, akapelekwa gerezani. Alikaa siku tisa mpaka mjomba wake alipouza mbuzi na kuja kumlipia. Aliporudi kijijini watu walichojua ni kwamba alikuwa gerezani. Mwaka wa kwanza walisema "alifungwa." Mwaka wa tatu wakasema "alifungwa kwa wizi." Kufika mwaka wa kumi na mbili, hata afisa wa serikali anayekaa na vitabu analisema hilo kwenye kikao kana kwamba aliliona kwa macho.

Pesa iliyoliwa na kishoka

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Miaka miwili kabla, kampuni moja ya kuhifadhi mazao mjini ilimwita kwa kazi ya utunza ghala. Mshahara ulikuwa mzuri na kulikuwa na bima ya afya. Wakamwambia alete cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya uhalifu. Akaogopa. Hakwenda polisi, hakwenda mahakamani, hakuuliza mtu yeyote anayejua sheria. Alikwenda kwa jamaa mmoja stendi aliyejitapa kwamba ana mtu wake ndani anayeweza "kufuta jina kwenye kompyuta." Akampa shilingi 180,000. Yule jamaa akabadilisha laini ya simu. Kazi ikachukuliwa na mtu mwingine.

Nilipomuuliza kwenye rekodi yake polisi kumeandikwa nini hasa, akasema hajui. Miaka 12 yote alikuwa anaogopa karatasi ambayo hajawahi kuisoma.

Nikamwambia twende tukaitafute. Mama yake alikuwa ameitunza stakabadhi ya serikali ya ile faini ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Juu yake kulikuwa na namba ya kesi. Akaandika barua mahakamani kuomba nakala ya hukumu. Ilichukua wiki kadhaa na safari mbili, lakini aliipata.

Kosa lililoandikwa pale ni kupatikana na mazao ya misitu bila kibali. Kukiri. Faini. Basi. Neno wizi halimo popote. Ile karatasi aliyoikimbia miaka 12 ilikuwa inamtetea kuliko majirani zake, na kuliko mimi.

Sheria yetu inasema nini na inanyamaza wapi

Sasa niseme ukweli ambao wengi hawaujui. Hapa Tanzania Bara hatuna sheria ya jumla inayosema kwamba baada ya miaka kadhaa ya kukaa vizuri, hatia ndogo ya zamani inajifuta yenyewe. Ukitiwa hatiani leo kwa magunia matatu ya mkaa, hatia hiyo inabaki kumbukumbu hata ukiwa babu.

Watu huchanganya mambo manne, ngoja tuyatenganishe.

Kwanza, kulipa faini iliyotolewa na mahakama hakumaanishi kesi imefutwa. Faini ni adhabu, na adhabu hutolewa baada ya kutiwa hatiani. Wengi hudhani kwamba ukilipa umemaliza na hakuna kilichobaki. Umemaliza adhabu, ndiyo. Hatia imebaki.

Pili, huduma kwa jamii ni vivyo hivyo. Tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mahakama inaweza kumpa mtu mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi za jamii badala ya kwenda gerezani. Ni jambo zuri sana. Lakini nayo ni adhabu ya mtu aliyekutwa na hatia.

Tatu, msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kufuta adhabu. Ule msamaha tunaousikia redioni siku za Uhuru au Muungano huwapunguzia wafungwa muda au kuwatoa. Mtu akitoka kwa punguzo la namna hiyo asidhani hukumu yake imegeuka kuwa haikutolewa.

Nne, kesi iliyoondolewa au mtu kuachiwa huru ni kitu tofauti kabisa. Kama mahakama ilikuona huna hatia, au mwendesha mashtaka aliiondoa kesi, wewe hukutiwa hatiani. Ila jihadhari: kesi iliyoondolewa kabla hujajitetea inaweza kuletwa tena, kwa hiyo karatasi ya uamuzi huo itunze kama unavyotunza hati ya shamba.

Upande wa ajira nako kuna pengo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya VVU, umri na mambo mengine yaliyoorodheshwa. Hatia ya zamani haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mwajiri akikukataa kwa magunia matatu ya mkaa ya miaka 12 iliyopita, huna kifungu cha wazi cha kushika.

Maoni yangu: hatia ndogo iwe na mwisho

Maoni yangu ni kwamba nchi yetu inahitaji sheria inayoweka mwisho wa hatia ndogo. Sisemi hivi kwa huruma tu. Nina sababu.

Tazama Katiba yetu wenyewe. Ibara ya 67, inapotaja watu wasioruhusiwa kugombea ubunge, ina kipengele kinachomzuia mtu aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka mitano. Yaani kwa kipengele hicho, waliotunga Katiba waliona inafaa kuangalia miaka ya karibuni, hata kwa kosa la kukosa uaminifu, hata kwa mtu anayekwenda kutunga sheria za nchi nzima. Sasa karani wa mizani wa kijiji, ambaye kosa lake lilikuwa mkaa, kwa nini tumwekee kipimo kisicho na mwisho?

Tazama na wenzetu. Uingereza, waliotuachia sehemu kubwa ya mfumo wetu wa mahakama, wana sheria tangu mwaka 1974 inayosema hatia nyingi huisha nguvu baada ya muda fulani, na kwa kazi nyingi mtu halazimiki tena kuitaja. Kazi kama za kulea watoto zina masharti yake makali zaidi. Afrika Kusini mtu aliyepata hatia ya aina fulani ndogo, kwa mfano aliyetozwa faini isiyozidi randi 20,000, anaweza kuomba ifutwe baada ya miaka 10. Makosa ya kingono dhidi ya watoto hayamo katika nafuu hiyo. Kwa hiyo inawezekana kuweka mwisho bila kufungua mlango kwa kila mtu.

Sababu ya tatu ni ya kwetu sisi wa vijijini. Makosa yanayowapeleka vijana wetu mahakamani mara nyingi ni ya kutafuta riziki bila karatasi: mkaa, mbao, gongo, kuchunga ndani ya hifadhi, kuvua kwa nyavu zisizoruhusiwa. Sisemi ni sawa. Mimi mwenyewe ndiye ninayewahubiria muache kukata miti ovyo. Lakini ukimfungia kijana aliyeacha mkaa milango yote ya kazi halali, unamwachia kazi gani? Unamrudisha msituni. Kazi ya ghala ingetunza miti mingi kuliko semina zangu zote.

Hoja ya mnunuzi nayo ina uzito

Nililizungumza jambo hili na mama mmoja mnunuzi wa mbaazi, mtu ninayemheshimu sana. Akanijibu bila kunizunguka: "Mwanangu, wewe unalipwa na serikali. Mimi mtunza stoo wangu aliniuzia magunia 14 usiku mmoja. Nikikuajirishia mtu wako akaniibia, utanilipa wewe?"

Ni swali la haki. Mtaji wake ni mkopo na jasho. Ana haki ya kujua anamkabidhi nani funguo. Mtu aliyetiwa hatiani mwaka jana kwa kuiba stoo asiombe leo kushika stoo kana kwamba hakuna kilichotokea. Na aliyedhuru mtoto asipewe kazi ya kukaa na watoto.

Lakini nikamuuliza, "Mama, yule aliyekuibia alikuwa na rekodi?" Akanyamaza kidogo, akasema hapana, alikuwa mtoto wa rafiki yake.

Ndiyo maana nasema swali la "uliwahi kufungwa?" halitoshi kumlinda mfanyabiashara. Linamkataa wa mkaa na kumpitisha mwizi ambaye hajakamatwa. Maswali yanayofaa ni matatu: lilikuwa kosa gani, ni lini, na tangu hapo amekuwa akifanya nini na nani anaweza kuthibitisha. Kisha weka kinga za kawaida ambazo zinafaa kwa mfanyakazi yeyote: wadhamini wawili wanaojulikana, muda wa majaribio, daftari la kuingiza na kutoa mzigo, na kuhesabu stoo kwa kushtukiza. Daftari la stoo linalinda magunia kuliko tetesi za kijiweni.

Nyie wakulima mnaelewa hili. Shamba lililowahi kuingia kiduha hatulitelekezi milele, ingawa mbegu za kiduha zinaweza kukaa ardhini miaka hata 20. Tunapanda mazao ya kubadilisha, tunang'oa kabla hakijatoa maua, tunalikagua kila msimu, na linarudi kutulisha. Hatulipi shamba hilo jina baya tukalala.

Ufanye nini wewe mwenye rekodi ya zamani

Sheria niliyoisema hapo juu haipo leo, na tumbo halisubiri Bunge. Kwa hiyo haya ndiyo unayoweza kuyafanya sasa.

1. Jua kilichoandikwa. Tafuta namba ya kesi kwenye stakabadhi, hati ya mashtaka au karatasi za dhamana. Andika barua kwa mahakama iliyokusikiliza, omba nakala ya hukumu au ya mwenendo wa kesi. Usikubali kuishi na rekodi ya kusimuliwa.

2. Omba cheti cha polisi mwenyewe. Ombi huambatana na alama za vidole, na polisi hulinganisha na kumbukumbu zao. Ulizia utaratibu kwenye kituo cha polisi cha wilaya au kwa ofisi ya upelelezi ya mkoa, ukiwa na kitambulisho cha taifa na maelezo ya cheti unakihitaji kwa kazi gani. Lipa kwa utaratibu wa serikali tu, na udai stakabadhi.

3. Kama kumbukumbu ina makosa, dai irekebishwe. Labda uliachiwa huru lakini bado unaonekana mtuhumiwa, au umechanganywa na mtu wa jina kama lako. Peleka nakala ya uamuzi wa mahakama na barua ya kuomba marekebisho, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za makosa kuwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

4. Kama ulihukumiwa isivyo haki, uliza habari ya rufaa. Muda wake ni mfupi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, unatoa kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya msingi, si "sikujua" tu. Na ukikiri kosa, rufaa yako kwa kawaida inabaki kwenye adhabu peke yake, isipokuwa kama kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri kwa kweli, mfano hukuelewa shtaka.

5. Tafuta msaada wa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia watu wasio na uwezo. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au wilaya, atakuelekeza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo huzunguka mikoani. Ikifika kwenu, nenda na karatasi zako mkononi.

6. Usidanganye kwenye fomu ya kazi. Ukiulizwa kama uliwahi kutiwa hatiani, jibu ukweli kwa sentensi mbili: kosa, mwaka, adhabu uliyoimaliza, na unachofanya tangu hapo. Ambatanisha nakala ya hukumu na barua ya mtu anayekufahamu. Ukweli unaweza kukukosesha kazi moja. Uongo ukigundulika unakukosesha hiyo na inayofuata.

7. Kimbia vishoka. Hakuna mtu halali anayefuta rekodi kwa pesa ya mkononi. Ukimpa askari au karani hongo, na wewe ni mkosaji, maana sheria ya rushwa inamshika anayetoa na anayepokea. Ukinunua cheti cha kughushi, kosa la kughushi linaweza kukupeleka gerezani hadi miaka saba. Utakuwa umetoka kwenye mkaa ukaingia kwenye kughushi. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Na wewe ambaye bado hujaingia

Nina neno kwa vijana ambao hawajawahi kusimama kizimbani. Kibali cha mazao ya misitu kinauma mfukoni, lakini hatia inauma maisha. Fuata kibali.

Ikitokea umekamatwa, usikiri kitu usichokielewa kwa sababu tu mtu nje ya mahakama kakwambia "umalize haraka." Omba shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kama umefanya kosa na unakiri, mweleze hakimu kwamba ni mara yako ya kwanza, eleza familia yako na kazi yako. Hakimu ana uwezo, kwa makosa yanayofaa, wa kukuachia bila adhabu kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12. Hawezi kuyajua mambo yako kama hukuyasema.

Na kama sheria husika, mfano ya misitu, inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani kulimaliza kwa kukiri kwa maandishi na kulipa kwa afisa mwenye mamlaka bila kufika mahakamani, ulizia utaratibu huo, lipa kwa stakabadhi ya serikali, na itunze karatasi. Malipo bila stakabadhi ni hongo, hata kama aliyepokea amevaa sare.

Nilichofanya mimi

Nilirudi kwenye bodi ya AMCOS. Nilisimama mbele ya wazee wale wale nikasema maneno yangu ya mwanzo hayakuwa na ushahidi, na nikaiweka nakala ya hukumu mezani. Haikuwa rahisi. Mzee mwenyekiti aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kumbe ni mkaa tu. Hata mimi nilichoma." Watu wakacheka, lakini yule kijana hakucheka, na mimi sikucheka.

Nafasi ya karani ilikuwa imeshajazwa. Wakamchukua kama msaidizi kwenye mnada wa mbaazi, kwa majaribio ya msimu mmoja, na wadhamini wawili. Mmoja wa wadhamini ni mimi. Ile kazi ya ghala mjini, yenye mshahara mzuri na bima, haikurudi. Hiyo ilishakwenda, na shilingi 180,000 zake nazo zilishakwenda.

Nimeiandika habari hii kwa ruhusa yake, bila jina lake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba niandike wazi kuwa mtu aliyemwita mwizi kwenye kikao alikuwa afisa ugani. Nimeandika.

Kwa viongozi wa AMCOS, wanunuzi, wenye maduka ya pembejeo na wenzangu watumishi: kabla hujasema "nasikia aliwahi kufungwa," uliza karatasi iko wapi. Kama hujaisoma, nyamaza.

Na kwa wewe mwenye kesi ya zamani inayokunyima usingizi: mimi si mwanasheria, ila naweza kukusaidia kuandika ile barua ya mahakamani na kukuonyesha pa kuanzia. Niko ofisi ya kata kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla sijaenda mashambani. Njoo na stakabadhi yako, hata kama imekunjamana.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo yetu: namna ya kukausha mbaazi ili mnada usikukate bei. Kazi njema.